Sauti Ndani ya Bushi

Vuta kigoda ukae, tena kaa vizuri, na hiyo simu iweke kimya. Hii stori ukiikatisha katikati utalala na taa inawaka.

Ilianza na mlio tu. Pikapu ya marehemu ilikuwa imelala gerejini, pale ubavuni mwa nyumba, tangu walipomzika. Siku Kifaranga alipoiwasha ili betri isife, injini ikalia nyii, nyii, nyii, kama panya aliyebanwa na mlango. Dada wa watu hakushtuka. Alikuwa fundi, na alijua kinacholia ni sensa ya kamshafti, kile kidude kinachoiambia injini ichome mafuta wakati gani. Ndani yake kuna kishafti kinazunguka kwenye bushi, kipete cha shaba tu, na bushi ikishalika kishafti kinacheza na kupiga kelele. Kimeo cha kawaida. Lakini injini ilipopata moto, ule mlio ukashuka, ukanenepa, ukasema:

"Kifaranga."

Jina hilo alipewa na kaka yake wakiwa wadogo, kwa sababu ya miguu yake myembamba. Kaka huyohuyo mwenye pikapu, aliyekufa kwa kuangukiwa na lori alilokuwa amelipandisha jeki kwenye gereji ya watu.

Alizima injini mbiombio. Akacheka kidogo, kile kicheko cha kujidanganya. Halafu akafanya kosa, akamwambia mama.

"Niwashie nimsikie," mama akasema.

"Mama, ni bushi tu imekwisha."

"We niwashie. Nimezaa mimi au umezaa wewe?"

Basi ikawa kila alasiri mama anapanda kwenye pikapu, anawasha, anaegemeza sikio kwenye dashibodi. Nyii, nyii, halafu "Mama," halafu maneno. Na mama alikuwa anacheka! Kifaranga akisikia kile kicheko kutoka jikoni alikuwa anakaa chini na sufuria mkononi, analia, maana tangu msiba mama hakuwa amecheka hata mara moja. Angemkatazaje? Petroli alinunua yeye mwenyewe.

Ila mama akaanza kukonda. Kichwa kinamuuma, chakula hagusi. Na gerejini kukawa na harufu, ndani ya moshi kabisa, ya maganda ya chungwa, yale aliyokuwa anajisugulia kaka mikono ili grisi itoke. Machungwa yenyewe hayakuwepo.

Halafu siku moja Kifaranga alitoka dukani na dumu la oili, akakuta lango la chuma la gereji limefungwa na injini inaunguruma ndani, akatupa dumu, akavuta lango likagoma, akavuta tena mpaka kucha zikang'oka, likafunguka, na moshi ulipomfuata usoni alimwona mama amelalia usukani, mdomo wazi, anatabasamu, na kutoka chini ya boneti ile sauti ya kaka ilikuwa inabembeleza taratibu, lala mama, lala, nimekutandikia.

Alimburuta mpaka uani. Mama alipopata pumzi hakusema asante.

"Umenitoa kwa nini?" akanong'ona. "Alisema upepo unaingia, anasikia baridi. Nikamfungia mlango. Kosa langu nini?"

Bibi mganga wa mtaa wa pili alikuja, ila gerejini hakuingia. Alisimama langoni na kufunika pua kwa kanga.

"Huyo si kaka yako, mjukuu wangu," akasema kwa sauti ya chini. "Ni jini. Limevaa sauti yake. Linakula machozi, na likishayazoea linataka mtu mwenyewe."

"Mbona linatujua mpaka majina?"

"Si mnaliambia nyie wenyewe mkilia? Linajua mliyoyatoa mdomoni. Yale ya marehemu mliyoyaacha moyoni haliyajui." Akamshika mkono. "Limejibana kwenye hicho kipete kinacholia. Kitoe, kiponde kwa nyundo mpaka kiwe bapa. Na likikuita usiitike. Umenisikia? Usiitike."

Kesho yake mama akiwa amelala, Kifaranga alifungua pakiti ya vipuri vya kurepea sensa. Alitoa pini, akachomoa kishafti, akasukuma bushi kuukuu ikadondoka kwenye sinia la vyuma, ting. Akaingiza bushi mpya, sili mpya, oringi ya mpira, tone la oili. Mikono ilikuwa inajua kazi, moyo ndio haukuwepo.

Tatizo likawa kuitegesha sensa ilingane na injini. Ile ni kazi ya watu wawili. Mmoja analala chini anazungusha injini kwa spana, taratibu, na mwingine anasimama juu anaangalia kataa, ile taa ndogo ya kupimia, kalikofungwa kwenye waya wa sensa. Kataa kakizimika tu, anapiga kelele. Wa juu siku zote alikuwa kaka. Kifaranga akazungusha, akatoka kuchungulia, kamepitiliza. Akarudi chini, akazungusha, akatoka, kamepitiliza tena. Mwisho akabaki kalala pale chini ya gari, spana kifuani, machozi yanaingia masikioni.

"Bado," ikasema sauti kutoka kwenye sinia.

Akataka kukimbia, lakini mkono wake ukaishika spana wenyewe kama ulivyozoea miaka yote, ukazungusha kidogo, na ile sauti ikasema bado, akazungusha, bado, akazungusha huku harufu ya chungwa inamwagika chini ya gari kama maji, bado, usikimbie we mtoto, harusi yenyewe si yako, bado, bado...

"Hapo!"

"Hapo, kaka?" akaitika. Neno lilishamtoka.

Alipanda kuangalia. Kataa kamezimika palepale panapotakiwa. Sawa, kataa hata jini lingekaona. Ila ule utani wa harusi? Kaka alimtania hivyo kila alipoharakisha kuzungusha, ulikuwa wa wawili tu, na hakuna aliyewahi kuulilia kwa sauti.

Akakaza nati, akawasha. Injini ikatulia kama maji mtungini. Akaizima. Kile kipete alikiweka juu ya kipande cha reli, kilikuwa na joto la kiganja cha mtu. Akanyanyua nyundo.

"Kifaranga." Sauti ilikuwa ndogo sana. "Lile lori lilikuwa zito, mdogo wangu. Nilikuita, hukuwepo. Nimeshapondwa mara moja. Usiniponde tena."

Nyundo ikabaki hewani.

"Ila funga mlango basi. Upepo unaingia."

Lango likakwaruza nyuma yake. Mama alikuwa amesimama peku, mgongo kaegemeza kwenye lango lililofungwa, mkono mmoja kaunyoosha.

"Nipe mwanangu," akasema, na alikuwa anatabasamu. "Nitalala naye kitandani mwangu, hatakusumbua. Nipe, mama. Mimi nimebaki na nini?"

Haya. Nyundo iko juu, mama yuko pale. Wewe ungeishusha?