Mita ya Mama Shakiru

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Hilda alifagia ua wa nyumba waliyopanga na shangazi yake Flavia pale Pasua, mjini Moshi. Kisha aliinywesha migomba iliyoota kando ya ukuta. Hakutumwa na mtu. Alikuwa amehamia mjini muhula huo akitokea Uru, na kwao mgomba hauachwi na kiu. Zamu yenu ikifika mnafungua mfereji, maji yanaingia shambani, nanyi mnaendelea na shughuli zenu.

Katika nyumba ile kila mpangaji alikuwa na bomba lake na mita yake, ili alipie maji aliyotumia mwenyewe. Bomba lililokuwa karibu na migomba lilikuwa la Mama Shakiru, aliyefua nguo za watu na ambaye saa hizo huwa ameenda kuzichukua kwa wenyewe. Hilda alichomeka mpira hapohapo, akafungulia, akaenda kunywa chai. Maji ni maji, aliwaza.

Jumamosi moja mwenye nyumba, Mzee Eliamini, alikuja kusoma mita. Alipoinamia ya Mama Shakiru, alifuta kioo kwa kidole, akatazama tena.

"Mama Shakiru, unauza maji?"

"Mimi? Nimuuzie nani, baba?"

"Mita imekimbia kama inafukuzwa na mbwa! Masharti unayajua. Anayeuza maji nje, bomba lake linafungwa." Akatoa spana mfukoni.

"Na nguo za watu nilizoloweka nizisuuze kwa mate?"

Shangazi Flavia alichungulia mlangoni. "Wengine tunajibana, mzee. Mita yetu sisi inasinzia tu!"

Hilda aliutazama mpira uliolala kwenye tope la migomba. Hakuna aliyemshuku. Angenyamaza, Mama Shakiru angekosa maji, na bila maji hakuna kazi. Spana ilikuwa imekwisha kuishika koki.

"Shikamoo, babu. Usilifunge. Ni mimi."

"Marahaba. Wewe ndiye muuza maji?"

"Hapana. Nanywesha migomba. Nafungulia, halafu naenda kunywa chai."

Shakiru, aliyesimama nyuma ya mama yake, aliangua kicheko. "Huyu katuletea mfereji wa Uru mpaka mjini!"

"Nyamaza wewe!" mama yake alimkemea, kisha akamgeukia Hilda. "Kila siku, mwanangu?"

"Kila siku, mama. Nisamehe."

Shangazi Flavia alikubali kulipia maji yaliyozidi, na Hilda akaambiwa amsaidie Mama Shakiru kukamua mablanketi kila Jumamosi. Migomba ingenyweshwa maji ya kusuuzia mara ya mwisho, yasiyo na povu.

Mzee Eliamini alirudisha spana mfukoni. "Mama Shakiru, uniwie radhi. Nilishika spana kabla ya kuuliza." Kisha akamwita Hilda. "Hata huko Uru, anayefungua mfereji kwenye zamu ya mwenzake huitwa mbele ya wazee. Au sivyo?"

"Ndivyo, babu."

"Basi bomba la mtu ni kama zamu yake, huligusi bila kumwomba. Na ujue jambo moja. Mita huonyesha maji yaliyopita, lakini haimjui aliyefungua. Leo bila ulimi wako ningemwadhibu asiye na kosa, nikaenda zangu nikijiona nimetenda haki."