Afnan Haitikii Salamu

Uvumi wenyewe ulinifikia dukani kwa Hina, hapa Ilford, London, nikiwa nachagua bamia. Mama Muhsin, ambaye tunakaa naye jengo moja, aliniinamia sikioni akaniambia kwamba yule Afnan, mwimbaji, mtoto wa watu wa Wete, Pemba, siku hizi haitikii salamu. Mama Muhsin alikuwa amekwenda Leicester kumwona akiimba. Onyesho lilipokwisha akamsubiri mlangoni, akamtolea salamu kama mtu anavyomsalimia mtoto wa nyumbani. Afnan akaweka mkono kifuani, akatabasamu, akapita. Mdomo hakuufungua.

"Umaarufu huo," alisema Mama Muhsin. "Hata salamu ya Mungu imekuwa mzigo."

Nilimwambia pengine hakusikia. Lakini nilirudi nyumbani na maneno yale yameniganda kama harufu ya samaki vidoleni, naosha haitoki. Maana mimi nilikuwa na mtoto wa kumkabidhi kwa Afnan huyo huyo.

Afnan alizaliwa hapa hapa Ilford. Kwa muda mrefu alikuwa akiimba mwanzo wa maonyesho ya wengine, wakati watu bado wanatafuta viti vyao. Mwaka huu ndiyo ziara yake ya kwanza mwenyewe: jina lake ndilo lililoandikwa kubwa kwenye bango, mji baada ya mji, na mji wa mwisho ni London. Katika wimbo mmoja wa onyesho hilo la London alitaka watoto wa kumwitikia, kama bibi zake walivyokuwa na waitikiaji kwenye taarabu. Akawachagua kutoka darasa letu la Kiswahili la Jumamosi. Mwanangu Ummukulthum, wa miaka kumi na miwili, alikuwa mmoja wao. Tena yeye alipewa mstari wa kuimba peke yake, mwanzo kabisa, kabla Afnan mwenyewe hajaanza: "Nifungulieni mlango, nimerudi nyumbani."

Mstari huo tuliujua wote. Ummu aliuimba akipiga mswaki, aliuimba akivaa viatu vya shule, aliuimba kwenye ngazi mpaka jirani wa chini akagonga dari lake. Baba yake, Abdulsamad, ambaye ni dereva wa basi, alisema hata friji sasa inaujua.

Jioni tunapiga simu Pemba kwa Bibi. Bibi hasikii vizuri, kwa hiyo kila mtoto humwamkia kwa kupaza sauti, na Ummu, kwa kuwa ndiye mkubwa, huongea naye zaidi. Shikamoo Bibi, hujambo Bibi, shule nzuri Bibi, yote kwa kelele. Kwetu mtoto asiyesalimia ni aibu ya mama yake, na mimi sikutaka aibu hiyo.

Kisha ikaja baridi, na Ummu akapata mafua. Mafua yakaisha, lakini sauti ikabaki inakwaruza. Nilimwambia apumzike. Akanijibu kwa Kiingereza, kama watoto wa hapa wanavyofanya, kwamba yuko sawa. Nilimpa asali na maji ya uvuguvugu, nikaenda kazini. Napika kwenye chekechea, na kazi hiyo haimngojei mtu.

Sikujua kwamba uvumi wa Mama Muhsin umeshanitangulia. Mwanawe, Muhsin, alikuwa ameubeba mpaka darasani na kuuongezea chumvi. Aliwaambia wenzake kwamba Afnan hana mchezo, kwamba mtoto atakayekwama sauti atarudishwa nyumbani mbele ya wote. Siku moja nikiwa natwanga vitunguu saumu, Ummu akaniuliza, "Mama, kama Mama Muhsin mtu mzima hakujibiwa, sisi watoto atatufanyaje?"

Nilimwambia afanye adabu tu, atapendwa. Alitikisa kichwa akaenda zake.

Baada ya hapo nikaanza kusikia harufu ya karafuu. Ilikuwa kwenye mtandio wake, kwenye mto wake, kwenye pumzi yake akinipa busu la kwenda shule. Nikamuuliza kama jino linamuuma, akasema hapana. Nikamuuliza tena kesho yake, akakunja uso. Mimi ni mtu wa wasiwasi, watoto wangu wananijua, wakishaniona nimesimama mlangoni wananiambia hawana homa kabla sijauliza. Basi nikajikaza, nikanyamaza.

Hata mazoezini, pale darasani, walimcheka. Rafiki yake Plamedie, mtoto wa Mama Émilienne, Mkongo mwenye maneno, alimnusa akasema, "Leo umekuja na pilau nzima, au mchele umeuacha nyumbani?" Watoto wote wakaangua kicheko. Ummu naye akacheka, kisha akageuka upande akatafuna kitu.

Alivyokuwa anafanya ni hivi. Zamani kidogo jino lilimsumbua, nikamwekea pamba yenye tone la mafuta ya karafuu aliyotuletea Bibi. Ufizi ukafa ganzi, maumivu yakapotea. Mtoto akaikumbuka ile ganzi. Koo lilipomuuma, akachukua karafuu za pilau akazitafuna na kumeza maji yake. Maumivu yalipungua, naye akadhani amepona. Akaimba. Koo lilipoanza tena, akatafuna nyingine, akaimba kwa nguvu zaidi. Karafuu zilipozoeleka, akahamia kwenye chupa ya mafuta, akawa anadondosha ulimini.

Wiki ya onyesho, nilitaka kupika pilau. Nikafungua kopo la karafuu, nikakuta vumbi tu. Mtu anaweza kupoteza funguo, anaweza kupoteza kadi ya basi, lakini Mpemba hapotezi karafuu bila kujua zimekwenda wapi. Nikavuta mtoto wa meza ninakoweka dawa. Chupa ya Bibi ilikuwa imelala ubavu, kifuniko hakikukazwa, mafuta yamepungua.

Wakati huo huo simu ikalia. Ni Bibi. Abdulsamad akampa Ummu simu amwamkie. Mtoto akafungua mdomo, ikatoka pumzi. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikamsimama, ikatoka pumzi tu. Kule Pemba Bibi anaita, "Ummu? Mbona hunisalimii mwanangu?"

Nilichukua simu nikamwambia Bibi tutampigia baadaye. Kisha nikaweka kopo na chupa mezani, mbele ya Ummu.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Alilia bila sauti, na kulia bila sauti kunatisha kuliko kelele. Akanong'ona kwamba angesema, angetolewa. Akanong'ona kwamba Afnan hata watu wazima hawajibu. Mstari ule mmoja ndio aliokuwa nao, hakutaka upewe mtu mwingine.

Nilimpeleka kwa Firoz, mfamasia wa karibu na stesheni. Firoz akammulika mdomoni kwa tochi, akatuonyesha ulimi ulivyoungua pembeni. Akasema yale mafuta ni makali mno, mtoto akiyameza anaweza kuugua vibaya, na bora tumewahi. Aliniambia kama atashindwa kumeza au kupumua, nisingoje, niende hospitali. Koo lipumzike, na sauti isiporudi baada ya wiki chache, tumwone daktari. Kuhusu kuimba hakusema mengi. Alitikisa kichwa tu.

Njiani kurudi, Ummu alinivuta mkono. Aliniomba kwa ishara nisimwambie Afnan. Alionyesha koo, akaonyesha vidole vyake, kwamba siku bado zipo, atapona. Nami, nisiwafiche, nilitamani kukubali. Ni nani anapenda kumtoa mwanawe jukwaani? Lakini nikawaza, akifika pale mbele ya ukumbi mzima na mlango haufunguki, itakuwaje? Nikamwambia tutakwenda wote, na atakayesema ni yeye mwenyewe, si mimi.

Siku ya onyesho, mchana, tulipanda treni mpaka Stratford, hapa hapa London. Mlangoni mwa ukumbi lilibandikwa bango kubwa la Afnan. Ummu hakulitazama. Tukapitishwa nyuma ya jukwaa, ambako watu walikuwa wanavuta nyaya na kusukuma masanduku, na mtu mmoja anahesabu moja mbili moja mbili kwenye kipaza sauti. Afnan alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, shali shingoni, kikombe cha maji ya moto mkononi.

Nikamtolea salamu.

Afnan akaweka mkono kifuani, akatabasamu, akainamisha kichwa. Basi. Nikajisemea, kumbe Mama Muhsin hakusema uongo, na mimi hapa nimemleta mwanangu kwa miguu yangu.

Kabla sijafungua mdomo, akaja Talib, mwalimu wa sauti anayesafiri naye. Ni mzee mpole, kaja London tangu ujana wake. Akaitikia salamu yangu mara mbili, akasema moja ni yake na ya pili ni ya Afnan.

"Usimfikirie vibaya, mama," akaniambia. "Siku ya onyesho haongei mpaka tuanze mazoezi ya jioni. Na akishuka jukwaani haongei mpaka asubuhi. Mji baada ya mji, sauti ni moja, hana ya akiba. Mkono kifuani ndiyo salamu yake. Wengine wamekasirika, tunajua. Yeye mwenyewe inamuuma, hakulelewa hivyo."

Nilisikia aibu ikinipanda toka miguuni. Nikamtazama Ummu, naye alikuwa amemkazia macho Afnan kama anamwona kwa mara ya kwanza.

Talib akamuuliza yuko tayari. Ummu akaanza kunong'ona, na Talib akainua kiganja. "Usinong'one. Koo bovu, kunong'ona pia kunalichosha."

Basi mtoto akasimama pale hana njia ya kusema. Nilijua angeweza kunyamaza, mimi ningesema, na yeye angejificha nyuma yangu. Badala yake akatia mkono mfukoni mwa koti. Akatoa ile chupa ya mafuta ya karafuu, akaiweka kwenye meza mbele ya Afnan. Akagusa koo lake. Akajigusa kifua, kwamba ni yeye aliyefanya.

Afnan akaichukua chupa, akaifungua, akainusa. Alikulia nyumba kama yetu, hakuhitaji kuelezwa. Akamtazama Talib. Talib akasema, "Acha, nitamwambia mimi." Lakini Afnan akatikisa kichwa, akaweka kikombe chini, na akaongea, kwa sauti ya chini na ya taratibu.

"Ummu, yale maumivu yalikuwa yanakwambia usimame. Ukayatia ganzi, ukaendelea kukimbia kwa mguu uliovunjika. Mimi nilifanya hivyo hivyo kwa dawa za koo za dukani, nikakaa miezi siimbi. Leo huimbi. Lakini huendi nyumbani."

Akameza maji. Kisha akapiga makofi, polepole, ule mdundo wa wimbo wao, akamwonyesha Ummu kidole: wewe.

Talib akatueleza. Wimbo ule huanza kwa makofi kabla ya mstari wa kwanza, na mara zote makofi hayo hupigwa na mashine. Leo Ummu ndiye atakayeyapiga, na wenzake watamfuata yeye. Mstari atauimba Plamedie.

Plamedie alipoambiwa, hakurukaruka. Alimwendea Ummu akamwambia, "Nitauimba, lakini ujue nimeuazima tu. Na leo afadhali hunuki." Ummu akacheka bila sauti, huku machozi yanamtoka.

Jioni ukumbi ulijaa. Taa zikazimwa, watu wakanyamaza, na kilichosikika kwanza ni mikono ya mwanangu. Pa, pa-pa, pa. Nilimwona amefunga mdomo, kidevu juu. Plamedie akaimba, "Nifungulieni mlango, nimerudi nyumbani," na midomo ya Ummu haikutikisika hata kidogo. Najua ilivyomgharimu. Nilimtazama yeye tu, sikumtazama Afnan wala Plamedie.

Wiki ile nzima hakuongea. Bibi tulimweleza, akasema atangoja. Jumamosi tulikutana na Mama Muhsin dukani kwa Hina. Ummu alipomwona akaweka mkono kifuani, akatabasamu, akainamisha kichwa. Mama Muhsin akasimama na fungu la mchicha mkononi.

"Na huyu naye ameshaanza?" akauliza.

"Anaponya koo," nikamwambia. "Amekuamkia, Mama Muhsin. Mwitikie."

Akamtazama mtoto, kisha akanitazama mimi. "Marahaba mwanangu," akasema, na sauti yake yenyewe ilikuwa imeshuka.

Sauti ya Ummu ilirudi, kidogo kidogo, na ya kwanza aliitumia kumpigia Bibi simu. Watoto, mimi sikusoma sana, lakini haya nimeyaona kwa macho yangu, na ninawaandikia ili yasiwafike. Epukeni haya:

Kuimba au kupiga kelele wakati koo linauma.

Kutafuna karafuu, au kitu chochote kinachotia ganzi, ili uendelee na kilichokuumiza.

Kugusa chupa ya dawa au mafuta nyumbani bila kumwuliza mtu mzima, hata kama ni ya Bibi.

Kunong'ona ukidhani unapumzisha sauti.

Kuficha ugonjwa kwa kuogopa kupoteza nafasi.

Kusema uko sawa mama akikuuliza, ilhali si kweli.

Kubeba maneno ya dukani mpaka darasani.

Kusema mtu ana maringo kwa kuwa hakukujibu. Tazama kwanza mkono wake uko wapi.