Masomo ya Kulala kwa Mama Générose

Siku meli ya Kigoma inapofika, Kalemie nzima huteremka bandarini, hata asiye na mzigo wala mgeni. Bertille alikuwa na mzigo. Aliuza vitenge sokoni, na biashara yake aliitangaza kwa mwili wake mwenyewe: kitenge cha maua ya manjano, kilemba kilichosimama juu, viatu vya kisigino katikati ya matope. Alipogeuka kumfokea mchukuzi, robota la vitenge likateleza, likamlalia kifuani mwanamume aliyekuwa nyuma yake.

Mwanamume huyo, aliyevaa abakosti, suti ile isiyo na tai, ya kijivu iliyopigwa pasi ikanyooka, alilisukuma kwa mikono miwili, akakimbilia ukutani, akabaki pale akihema huku macho yamemtoka.

"Pole, sitwayeni!" Bertille akacheka, akimwita raia kama serikali ilivyoagiza. "Njo vitenge tu. Havilume muntu."

Mwanamume akajipangusa abakosti. "Kila siku unaangushia watu mizigo, mama?"

"Hapana. Wazuri peke yao."

Hapo akatabasamu, na tuseme ukweli, lilikuwa tabasamu la kumharibia mtu usingizi. Aliitwa Casimir, karani katika biro moja ya mizigo palepale bandarini. Wiki hiyo alikwenda sokoni kununua kitenge cha shangazi yake. Akarudi kununua cha dada yake, kisha cha mke wa mjomba wake.

"Jamaa wanawake watakuishia, sheri," Bertille akamwambia.

"Walishaisha. Sasa nitafutie cha bibi yangu, mwenye nitaoa."

"Bibi yako iko wapi?"

"Njo huyu mwenye kunichekelea."

Wakapendana. Jioni walitembea kando ya ziwa, na Bertille akapenda jinsi alivyomsikiliza bila haraka, kama vile habari za bei ya vitenge hazichoshi. Kitu kimoja tu kilimkwaza. Kanisani, baa, hata nyumbani kwa watu, Casimir lazima akae karibu na mlango. Bertille alidhani ni mazoea ya wanaume wanaopenda kuondoka.

Baba yake, Papa Ilunga, aliishi Kabalo, mzee aliyestaafu kazi ya reli. Katika mambo ya mahari alikuwa na sharti moja: mchumba aje mwenyewe, asitume wajomba peke yao. Barabara ya Kabalo siku hizo ilikuwa imekufa, madaraja yameanguka. Ulikwenda kwa treni au ulibaki nyumbani.

Safari ya kwanza Casimir alisema ana homa. Iliyofuata, mkubwa wa biro alimnyima ruhusa. Kisha homa ikarudi. Ndipo Bertille akaitwa kwenye foni ya misioni, ile redio ambayo msemaji humaliza kwa "à toi" ili mwenzake apate zamu, na foleni nzima husikia zamu zote.

"Bertille! Ule muntu wako anakuja ao hapana? À toi!"

"Iko mugonjwa, Papa. À toi."

"Tulichinja mbuzi, tukaikula peke yetu! Mwanaume mwenye kukimbia baba mukwe iko na bibi ingine. À toi!"

Bertille akarudisha kipaza. Alitoka huku foleni ikimpisha kwa heshima ya kinafiki.

Denise, aliyeuza nyanya jirani yake sokoni, ndiye aliyemalizia. "Dada, sitaki kuleta maneno," akasema, akayaleta. "Casimir kila asubuhi anaingia kwa Mama Générose. Anatoka amelowa jasho. Banasema njo masomo ya kulala."

Mama Générose alikuwa mkunga mstaafu, mjane, na nyumba ilikuwa yake. Bertille alimfuata Casimir hadi mlangoni pa biro.

"Unaenda kufanya nini kule?"

Casimir akainamisha kichwa. "Napumua."

"Napumua! Hewa imeisha Kalemie yote, imebaki kwa ule mama?"

"Bertille, mupenzi, nitakuelezea. Si hapa mbele ya watu."

"Basi endelea kupumua," akasema, akaondoka. Alilia njia nzima mpaka sokoni, na siku hiyo aliuza vibaya.

Asubuhi moja uvumilivu ukamwishia. Akakaza kitenge kiunoni jinsi wanawake wanavyokaza wanapokwenda kupigana, akasukuma mlango wa ua wa Mama Générose. Mikeka ilikuwa imetandikwa. Watu walikuwa chini, kimya. Katika mji ule mikeka uani asubuhi na watu kimya juu yake ni matanga, hakuna maana nyingine. Na katikati yao alilala Casimir, chali, amefunikwa kitenge mpaka kifuani, viganja wazi, macho yamefumbwa. Kumbe ile homa ilikuwa ya kweli.

Bertille aling'oa kilemba akaanguka magoti.

"Yoo, Casimir wangu! Umeniacha na nani? Nilikusema mubaya, kumbe ulikuwa mugonjwa! Nakupenda, Casimir, hata bila Kabalo!"

Jirani wa upande wa pili wa ua akadakia kilio bila kuuliza ni nani, kama ustaarabu unavyotaka. Casimir akafumbua macho, akaketi.

"Bertille! Nani amekufa?"

Bertille akamtupia kilemba usoni. Kisha akamshika kichwa kwa mikono miwili asimwachie, na wanafunzi wengine wakageukia ukuta kwa adabu.

Mama Générose, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, alimletea maji, akamweleza. Vita vya mwaka wa sitini na nne vilipomkimbiza mpaka Kigoma, alikuwa hapati usingizi. Mke wa Mhindi mwenye duka akamfundisha yoga: kujinyoosha taratibu, kupumua, na mwishoni kulala chali bila kufanya lolote.

"Haiko dawa, mutoto yangu. Haifute kintu. Inasaidia muntu arudie ndani ya mwili wake, pole pole. Huyu anakuja sababu ya treni."

Casimir akasema mwenyewe, akitazama mkeka. Treni aliyopanda ilianguka: mvua ilikula udongo chini ya reli, mabehewa yakalala ubavu. Magunia ya mahindi yakamlalia kifuani. Chini yake mwanamke alikuwa akiita jina la mtoto wake.

"Nilimusikia mpaka akanyamaza," akasema. "Nikipanda treni, kifua kinafunga."

"Mbona hukuniambia?"

"Papa yako njo muntu wa reli. Na wewe, siku ya kwanza, ulicheka."

Bertille aliona haya, haya ya kweli. Hakujitetea. Alivua viatu, akalala kwenye mkeka kando yake, na Mama Générose akaendelea na somo.

Kiangazi walipanda treni, pamoja na wajomba wa Casimir wakiongozwa na Papa Hippolyte, na mbuzi.

"Pumua, sheri," Bertille akanong'ona.

"Napumua."

"Unapumua sawa nguruwe ya kukimbizwa."

Casimir akacheka, wakafika Niemba. Pale abiria wapya wakajaza njia kwa magunia mpaka juu. Casimir akasimama, akajipenyeza, akashuka. Bertille akamfuata, na treni ikaenda na wajomba, mbuzi, na sanduku lake la nguo.

"Ungeendelea," Casimir akasema.

"Niende niolewe na nani? Nimekasirika, Casimir. Nakupenda, lakini nimekasirika."

"Najua."

Walingoja treni nyingine, ambayo ilikuja ilipopenda. Asubuhi walitandika mkeka wa kuazima nyuma ya stesheni. Wakapanda tena, wakashuka tena Nyunzu, wakangoja tena, Bertille na kitenge kilekile. Hatimaye wakaingia Kabalo, Casimir shati limelowa, midomo imekauka.

Papa Ilunga aliwapokea mbele ya ukoo mzima, bila kusimama.

"Hawa wajomba wanasema homa. Bertille, homa gani hii?"

Bertille alifungua kinywa amwokoe. Uongo ulikuwa tayari kabisa. Casimir akamtangulia.

"Haiko homa, Papa. Naogopa treni. Iliniangusha, na mwanamke akakufa chini yangu. Nilidanganya mutoto yako sababu ya haya. Tulishuka Niemba, tukashuka Nyunzu. Na kurudi pengine nitashuka tena."

Mtu mmoja akacheka nyuma. Papa Ilunga hakucheka. Alimgeukia binti yake, akalitazama vumbi la stesheni kwenye kitenge chake cha manjano.

"Na wewe?"

"Nitashuka naye, Papa."

Mzee akavuta kiti chake mbele. Halafu akamwangalia Papa Hippolyte.

"Basi, baba. Sema kilichowaleta."

Papa Hippolyte akasimama, akakohoa, akaanza kuomba mke.