Kompyuta Iliyonyamazishwa Siku ya Ijumaa

Ijumaa, saa nane na nusu mchana, marehemu alikutwa juu ya meza ya maktaba, amefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua pembeni.

Aliyemfunua ni Bi Mwahija, karani wa shule. Alitaka kuijaribu video ambayo wageni wangekuja kuitazama Jumapili, ile waliyoipiga wanafunzi huko Songo Mnara kabla ya likizo. Skrini iliwaka, lakini kila kitu kilikuwa kikubwa na kimevimba, kama kinatazamwa kupitia chupa ya maji. Spika hazikutoa hata mkwaruzo.

Kwa kumtendea haki marehemu, ni lazima isemwe kwamba hakuwa amekufa. Alikuwa amefutiwa draiva mbili, ya sauti na ya picha. Draiva ni programu ndogo inayoielekeza kompyuta namna ya kutumia kifaa chake. Ikifutwa, spika inabaki sanduku tu, na skrini inabaki kubahatisha.

Mwalimu Nurdin, mkuu wa shule, alifika akiwa bado na kanzu ya Ijumaa. Nyuma yake alikuja Mwalimu Benedikto, wa somo la kompyuta, mtu mrefu kutoka Songea ambaye mwaka wa pili sasa alikuwa akiishi peke yake kwenye nyumba ya walimu, nyuma ya mikorosho ya shule.

"Hii ni mara ya ngapi mwaka huu?" Mwalimu Mkuu aliuliza.

"Ya nne, Mwalimu Mkuu."

"Na mara tatu umeniambia ni vumbi na chumvi ya bahari."

"Chumvi ina madhara kwenye vifaa vya—"

"Chumvi haifuti draiva. Aliyefuta ana vidole. Hiyo mashine si huandika yenyewe kila kinachofanyika? Nisomee."

Mwalimu Benedikto aliketi. Alibonyeza, akabonyeza tena, halafu akakaa kimya kwa muda ambao mtu angeweza kunywa nusu kikombe cha chai.

"Ya sauti imefutwa leo, 6:41," alisema bila kugeuka. "Ya picha, 6:44. Kuna AM hapa. Asubuhi."

Wote watatu waliutazama ufagio uliokuwa umeegemezwa mlangoni.

Ufagio ule ulikuwa na mwenyewe. Majid, wa kidato cha tatu, aliyebaki shuleni likizo hii, alikuwa akitumikia adhabu ya kufagia maktaba kila siku kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa moja kasorobo. Kosa lake lilijulikana wilaya nzima. Muhula uliopita aliiondoa sauti ya kengele kwenye kompyuta hiyo hiyo akaweka ya mbuzi, na wanafunzi mia tatu wakajipanga mstarini kwa mlio wa mbuzi bila hata mmoja kuuliza. Kuhusu mbuzi alikiri siku ile ile, kwa fahari. Kuhusu draiva, alipoitwa, alikana. Bahati mbaya, mtu mwenye sifa nzuri ya utundu huaminiwa kwa shida sana.

"Kamati itakaa kesho saa tatu asubuhi," Mwalimu Mkuu alimwambia. "Ikithibitika ni wewe, unafukuzwa. Basi la saa sita, mpaka kwenu."

Kwao ndiko kulikokuwa na utata. Majid alilelewa na shangazi yake huko Tingi, na likizo ya tatu mfululizo shangazi alikuwa amepiga simu kusema abaki shuleni kwanza, nyumbani kuna wageni. Kwa hiyo bwenini mlikuwa na vitanda arobaini, magodoro thelathini na tisa yaliyokunjwa, na Majid. Hii ndiyo anwani pekee aliyokuwa nayo duniani, na alikuwa amebakiwa nayo kwa muda wa saa kumi na nane tu.

Upelelezi ulianza saa kumi jioni, ofisini kwa karani.

"Shikamoo, Bi Mwahija."

"Marahaba. Kama umekuja kunibembeleza nikuombee msamaha, mie simo."

"Nimekuja kuuliza. Asubuhi ulifika saa ngapi?"

"Saa moja kamili, kama siku zote. Nikaiwasha, nikairekebisha saa yake, nikachapa barua mbili."

"Ukairekebisha saa?"

"Kila siku naifanya hiyo kazi. Betri yake ya ndani imekufa tangu mfungo. Mie nikitoka jioni nazima mpaka swichi ya ukutani, siachi umeme na radi hizi. Basi asubuhi inaamka kama mtu aliyezimia, inakwambia ni saa sita ya usiku, mwaka sijui gani huko nyuma. Naiwekea tarehe, naiwekea saa, tunaendelea."

"Nani mwingine anajua habari ya betri?"

"Mwalimu Benedikto. Si ndiye aliyeandika barua ya kuomba nyingine."

Majid aliandika jambo hilo kiganjani kwa kalamu ya wino. Daftari lake lilikuwa limechukuliwa kama kielelezo.

"Neno la siri la kompyuta analo nani?"

"Limebandikwa ukutani, pale juu ya meza. Lingekuwa siri tungelisahau."

"Na mchana ulikuwa wapi?"

"Sasa mie ndiye mshtakiwa? Saa sita kasorobo nilikwenda nyumbani kuswali na kupika. Nikarudi saa nane. Kasome daftari la getini."

Alikwenda akalisoma. Ilikuwa kweli.

Saa kumi na moja jioni alisimama kwenye dirisha la jiko, lililotazamana na mlango wa maktaba. Mama Magdalena, mpishi, alikuwa akichambua maharage kwa hasira. Huyu alikuwa mshukiwa mzuri. Kila Ijumaa spika za maktaba zilipopiga muziki mchana, alitishia kuzimwagia maji ya ukoko. Tena hakuwa mtu wa msikitini. Alikuwapo shuleni mchana kutwa.

"Mama, zile spika ulikuwa unazichukia kweli?"

"Nilikuwa nazichukia na bado nazichukia. Ningetaka kuzinyamazisha ningechukua panga, nikakata waya. Hayo mambo ya kubonyeza-bonyeza nitayajulia wapi? Hata simu yangu mpaka nibonyezewe."

"Leo uliona mtu akiingia maktaba?"

"Asubuhi? Nilikuona wewe."

"Na mchana?"

Mama Magdalena aliacha kuchambua. "Mchana hakuna aliyeniuliza. Wote wanauliza asubuhi tu. Mchana, wanaume mmekwenda kuswali, niliona viatu mlangoni pale. Vyeusi, vya kamba, vimepangwa sawasawa."

Majid alishukuru, akapewa kiporo cha mihogo, akaenda kula bwenini. Alikula ameketi kwenye kitanda cha rafiki yake, ili kionekane kina mtu.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, kamati ilikaa maktaba. Mwalimu Mkuu alikaa katikati, Mwalimu Benedikto kulia kwake, Bi Mwahija kushoto na kalamu. Mama Magdalena aliitwa shahidi, akaja na aproni. Mlangoni kulikuwa na jozi tano za viatu. Mwalimu Mkuu alikuwa ameamuru mashine izimwe mpaka ukutani jana jioni, isiguswe mpaka shauri liishe.

"Una la kusema?" aliuliza.

"Ninalo swali moja kwa Bi Mwahija," Majid alisema. "Tafadhali iwashe kompyuta, uiwekee saa kama unavyofanya kila siku."

Bi Mwahija aliiwasha. Akatazama saa yake ya mkononi, ambayo mshale wake mfupi ulikuwa umepita kidogo tu kwenye tisa.

"Saa tatu na dakika kumi," alisema, akaandika: 3:10.

Mwalimu Mkuu aliinama mpaka pua yake ikakaribia kioo.

"Mwahija, hii si saa tatu ya kompyuta."

"Mie najua saa moja tu, Mwalimu. Jua likichomoza zikipita tatu, ni saa tatu. Hiyo ya kizungu tangu lini mmeniambia?"

"Kwa hiyo saa ya mashine hii iko nyuma saa sita," Majid alisema polepole. "Tena kabla Bi Mwahija hajafika, huwa haina saa yoyote. Kama ningeifuta mimi wakati nafagia, ingeandika usiku wa manane wa mwaka wa zamani. Iliandika 6:41 ya jana. Maana yake Bi Mwahija alishaiwekea saa. Ni saa sita na dakika arobaini na moja, mchana."

"Mchana," Mwalimu Mkuu alirudia. Uso wake ulibadilika taratibu. "Saa sita na dakika arobaini tulikuwa msikitini kwenye hotuba. Ulikuwa ubavuni kwangu."

"Ulinipiga kiwiko, Mwalimu."

"Ulikuwa unasinzia."

"Nilikuwa nasinzia. Andika hilo, Bi Mwahija."

Bi Mwahija aliandika.

Mama Magdalena alieleza kuhusu viatu, kwa maneno yale yale. Hakuna aliyehitaji kwenda mlangoni kuvitazama. Isipokuwa Mwalimu Benedikto, wote walikuja na kandambili na makubazi.

"Mwalimu Benedikto," Majid alisema, na hapo sauti yake ilipungua ushupavu aliokuwa ameupanga tangu alfajiri. "Barua ya betri uliandika wewe. Ulijua saa hii inadanganya. Ulipoisoma jana ulikaa kimya kwanza."

Mwalimu Benedikto aliitazama mikono yake.

"Nilifikiri utapewa viboko viwili," alisema. "Sikujua Mwalimu Mkuu atataja basi. Alipolitaja sikuweza tena kurudi nyuma."

"Lakini kwa nini?" Mwalimu Mkuu aliuliza. "Wewe ndiye unayeitengeneza."

"Ndiyo hiyo sababu. Hapa natembelewa ikiharibika mashine. Bi Mwahija anatuma mtu kuniita. Mama Magdalena ananiletea chai ya tangawizi na chapati. Wewe mwenyewe unavuta kiti, unauliza habari za nyumbani. Nikimaliza, mnashukuru, mnaondoka. Wiki ile ya kwanza ya likizo nilikaa siku sita sijatamka neno na mtu. Nikahesabu. Jana nilifuta, nikijua mkirudi kutoka kuswali mtaniita. Draiva zote ninazo kwenye flashi, hii hapa. Ilikuwa kazi ya nusu saa."

Mama Magdalena alijifuta mikono kwenye aproni ingawa haikuwa na maji.

Mwalimu Mkuu hakupandisha sauti. Alisema atampa barua ya onyo. Kwamba kuharibu kifaa ni kosa moja, na kumwachia mtoto ashtakiwe ni kosa jingine kubwa zaidi, na hilo aombe radhi mbele yao. Mwalimu Benedikto alisimama, akamwomba radhi Majid kwa jina lake kamili. Kisha Mwalimu Mkuu akamwambia Majid kwamba hana kosa, atabaki shuleni, na adhabu ya ufagio imekwisha leo.

Saa tano kasorobo maktaba ilikuwa imebaki na watu wawili. Mwalimu Benedikto alichomeka flashi. Majid alikuwa huru kwenda kokote, na kokote kulikuwa na magodoro thelathini na tisa.

"Bado upo?" Mwalimu aliuliza, akiwa amempa mgongo. "Umeshashinda. Nenda kacheze."

Majid alivuta kiti, akakaa karibu na kiwiko chake.

"Nataka kuona draiva inavyowekwa," alisema. "Sijawahi kuona."

Alikuwa akiziweka tangu kidato cha pili. Mwalimu Benedikto, aliyemfundisha mwenyewe, alimtazama kidogo, akasogeza skrini upande wake, akaanza kumweleza tangu mwanzo, taratibu sana.