Maji ya Wageni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sephora alichota maji kisimani: ya kuoshea vyombo, ya kufulia, ya kupikia. Kisima kilikuwa katikati ya lupango wao, yaani kiwanja chenye nyumba yao, pembezoni mwa kata ya Annexe mjini Lubumbashi. Maji yake yalikuwa ya manjano, yakinuka chuma. Shati jeupe likifuliwa mara tatu, basi, sahau weupe. Hata hivyo familia iliyanywa, kwa sababu maji ya foraje, kisima kirefu cha pampu, yalikuwa ya kununua, na Mama Marceline, mama yake Sephora, alikuwa muuza vitumbua.

Maji ya foraje yalinunuliwa bidoni moja tu, yaani dumu moja, kwa juma, nayo ilikuwa ya wageni. "Mugeni hanywi maji ya kisima," Mama alizoea kusema. "Tuko bamasikini, lakini tuko na haya."

Aristote, mdogo wake Sephora, aliumwa tumbo mara kwa mara. Majirani walisema ni minyoo, na Mama akampa dawa ya minyoo.

Mwaka huo kampuni ya ujenzi iliomba kujenga nyumba mia mbili kwenye mashamba yaliyo nyuma ya lupango wao. Kabla ya kupewa kibali, ilibidi wataalamu wa mazingira waje kupima udongo na maji. Maji ya ardhini yakionekana mabaya, kampuni ingelazimika kuleta bomba la maji safi kwa nyumba zake na kwa mtaa mzima. Yakionekana mazuri, kila mtu angejichimbia kisima chake, na habari ya bomba ingeishia hapo.

Jumamosi moja alifika Faustin, kijana wa ofisi ya mazingira. Mama alikuwa sokoni. Mawingu yalikuwa yametanda, na Faustin alikuwa na visima vingine vingi vya kupitia.

"Dada, unijazie hii chupa maji ya kisima chenu," alisema. "Mi ninaenda kupima kama choo iko mbali na kisima."

Hilo halikuwa sawa hata kidogo. Chupa ya kipimo huijaza mpimaji mwenyewe. Lakini mvua ilikuwa inakuja, na haraka haina baraka.

Sephora alichota, akajaza chupa, akaitazama. Loo! Maji yalikuwa ya manjano, na chembe nyekundu zilielea ndani. Alimtazama Faustin, shati lake limenyooshwa vizuri. Atasema nini huyu? Atasema watu hawa wanakunywa matope! Sephora aliona aibu hadi masikio yakapata moto. Akayamwaga yale maji, akaingia ndani, akaijaza chupa kwa maji ya bidoni.

"Eh, iko safi kabisa!" Faustin alisema akiinua chupa juu. Na Sephora, jamani, alifurahi.

Majuma machache baadaye watu waliitwa mkutanoni kwenye uwanja wa shule. Madame Joëlle, mkuu wa wataalamu, alisoma majibu.

"Kisima cha Mama Marceline ndicho kilicho karibu zaidi na mashamba. Maji yake ni mazuri ya kunywa. Kwa hiyo visima vinaweza kuchimbwa, na bomba si lazima."

Papa Sylvain, mhandisi wa kampuni, akapiga makofi. Mama Marceline akasimama na Aristote mgongoni.

"Ile maji yetu? Madame, ile maji inaharibu hata sufuria!"

"Mama, mashine haidanganyi," Papa Sylvain alisema, na watu wakacheka. Mama akakaa chini, akainamisha uso. Mbele ya mtaa mzima alikuwa amefanywa mwongo.

Sephora hakuweza kuvumilia. Alisimama.

"Mama hadanganye. Ni mi njo nilidanganya. Nilitia maji ya foraje mu chupa. Nilikuwa na haya."

Watu wote wakamgeukia.

"Sasa tusimamishe kazi kwa neno la mtoto?" aliuliza Papa Sylvain.

"Papa, nyumba mia mbili zitakuwa na watoto," alijibu Madame Joëlle. Akamgeukia Faustin. "Ile chupa, ulichota wewe?"

"Hapana, Madame," alisema Faustin kwa sauti ya chini. "Niliogopa mvua."

Siku hiyohiyo Madame Joëlle alikwenda kisimani, watu wakimfuata. Alichota kwa mikono yake na kuifunga chupa mbele ya wote. Majibu yalipokuja hayakuwa na mzaha. Maji yalikuwa na sumu ya madini kutoka sehemu za juu, ambako watu husafisha mawe ya shaba. Kampuni ikaamriwa isijenge hata msingi mmoja kabla bomba halijafika mtaani. Waashi waliosubiri kazi walinung'unika, na Papa Kapya, mwashi aliyekuwa jirani wa akina Sephora, aliacha kuwasalimia kwa muda. Aristote alipelekwa kituo cha afya, akapewa matibabu.

Jioni ya siku majibu yalipotoka, Madame Joëlle alipita kwa akina Sephora. Sephora alijificha nyuma ya mama yake akingoja kukaripiwa.

"Usimugombeze, Madame," alisema Mama Marceline. "Ile haya, ni mi njo nilimufundisha."

"Mama, kumpa mgeni kilicho kizuri ni heshima. Usiache. Lakini anayekuja kupima hakuja kula kwako, amekuja kama daktari. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua." Kisha akamvuta Sephora mbele. "Ulikosa, na sitasema hukukosa. Lakini siku ya mkutano, ungenyamaza, sisi wote na vyeti vyetu tusingejua. Watoto wangekunywa tu. Aibu ya kusema kweli ni ya siku moja, mwanangu. Ile ya kuficha tungezikwa nayo."

Sephora akalia kwa sauti. Mama yake hakumnyamazisha. Alimshika tu, na yeye akalia pia.