Sauti Nyuma ya Marobota

Robota moja lilikuwa limelowa. Fifi alilipapasa, akanusa kiganja, kisha akamwita binamu yake Émérance aje anuse naye. Stoo ile ya Shahe, soko la nguo la Guangzhou huko China, haikuwa na bomba wala dirisha, na marobota ya jinzi yalikuwa yamefungwa kwa nailoni tayari kwa kontena. Lakini maji yalikuwa yakichuruzika kutoka ndani, polepole, yakinuka matope ya kisimani.

Émérance hakuwa mfanyabiashara. Kwao Lubenga, mji mdogo wa mashariki mwa Kongo, alikuwa na gazeti la kurasa nne ambalo aliliandika, akalichapa na kulitembeza mwenyewe. Alikuja Guangzhou kununua mashine ya kuchapia. Huku nyuma vita vikaingia Lubenga, akakwama. Tangu hapo alikusanya habari za mji kwa simu na kuwatumia Wakongo wenzake: nani amevuka mpaka, nani amezikwa. Hakutangaza jambo mpaka mtu alione kwa macho yake. Habari moja tu ilimshinda. Loïc, mume wa Fifi, alitoka kutafuta chumvi siku mji ulipotekwa, na hakuonekana tena.

Fifi alikuwa anapiga deki sauti iliposema nyuma ya marobota, "Fifi, nasikia baridi."

Tambara likamponyoka. "Loïc?"

"Yaya, dada yangu, usiitikie," Émérance alinong'ona.

Fifi alikwisha piga magoti. "Uko wapi, mume wangu?"

"Kisimani. Nyuma ya kiwanda cha pamba. Tuko wengi."

Émérance aliyasukuma marobota kando. Palikuwa na ukuta mtupu, umelowa kwa kimo cha mtu.

Angeweza kumshika Fifi mkono wakatoka, wakafunga mlango. Lakini alikuwa amelitafuta jibu hilo kwa miezi, na mazoea ya kazi yakamzidi nguvu. Akampigia Anatory, mwalimu aliyekuwa macho yake kule Lubenga.

"Mwalimu, kile kisima cha kiwandani, kuna mtu amekichungulia?"

Anatory aliuliza upesi, "Nani amekutajia kisima?"

"Siwezi kusema. Ila usiende peke yako."

"Madame, nani atakubali kwenda na mimi?"

Kesho yake alipiga simu, akiongea chini chini. Alikuwa ameliona shati la njano la Loïc mle kisimani. Chini yake kulikuwa na wengine. Alisema angerudi na kamba.

Fifi alilia hadi sauti ikakauka. Asubuhi iliyofuata, kwa kuitwa na Émérance, akaja Sostenes, Mtanzania aliyeuza viatu soko la Zhanxi na kuongoza maombi ya wenzake Jumapili. Alisimama mlangoni mwa stoo, akavuta pumzi, akauliza, "Nani kaongea na hiki kitu?"

"Mume wangu huyo," Fifi alisema.

"Pole, dada. Mumeo amekufa. Hili ni jini, limevaa sauti yake. Linasema kweli ili mliamini. Msiliulize kitu, na linachosema msimpelekee mtu yeyote."

Émérance aliitazama simu mkononi mwake.

Sostenes akaomba kwa sauti kubwa, jasho likimtiririka, akilikemea kwa jina la Yesu, na kadiri alivyokemea ndivyo maji yalivyozidi kumwagika, yakazunguka viatu vyao, yakapanda, baridi kama yametoka chini kabisa ya ardhi, mpaka ghafla yakakatika, na harufu ikaondoka, na Fifi akakaa juu ya sakafu akasema, "Ameenda."

Simu ikalia. Alikuwa Sarah, mke wa Anatory.

"Dada Émérance, Mwalimu ametoka jana na kamba, hajarudi. Alisema ni kazi yako. Alikwenda wapi?"

Kabla hajajibu, sauti ya Anatory ilitoka ukutani, ya upole, kama anavyoongea na wanafunzi. "Madame, mwambie Sarah kamba imekatika. Niko kisimani. Bado napumua."

Sostenes alitikisa kichwa kumkataza.

"Sijui, Sarah," Émérance alisema. Hakuwahi kuficha habari maishani mwake. "Sijui alipo."

Sarah alianza kulia. "Hata kama amekufa, niambie. Nisikae hivi, dada. Nisikae bila kujua."

Fifi, aliyekaa hivyo miezi yote ile, alimpokonya Émérance simu. "Yuko kisimani, mama. Nyuma ya kiwanda cha pamba. Anapumua."

"Usiende!" Émérance alipiga kelele. "Sarah, usiende!"

Lakini Sarah alikuwa tayari anawaambia watoto wajifungie ndani, anakwenda kumtoa baba yao. Laini ikakatika. Émérance alipiga tena na tena. Simu iliita, haikupokewa.

Sostenes aliegemea mlango. Baada ya muda, nyuma ya marobota, mwanamke akakohoa, akaita, "Dada Émérance."