Ukurasa Gani, Devota?

Kila siku baada ya vipindi, Devota alibaki kwenye chumba cha kompyuta cha shule yao, Kilolo. Klabu yao ilikagua Kiswahili cha programu huria ya wakulima, yaani programu ya bure ambayo yeyote anaruhusiwa kuirekebisha. Waliojitolea kuitafsiri walikuwa wamelipua kazi. Makosa yalijaa.

Siku moja akachoka nayo. Akawaandikia wasimamizi: "Kiswahili chenu kibovu. Rekebisheni."

Kesho yake wakajibu: "Asante. Ukurasa gani? Sentensi ipi?"

"Si wasome wenyewe?" Devota alifoka.

"Hawajui Kiswahili, we naye," mwenzake Jofrey akamcheka. "Ndiyo maana wametuomba sisi."

Devota hakuwajibu. Wiki mbili zikapita.

Jumamosi alimkuta baba yake, mzee Liberatus, amesimama kwenye shamba la viazi, simu mkononi, ile programu ikiwa wazi. Majani yalikuwa yameungua, rangi ya tumbaku.

"Wakubwa hao," baba alisema. "Wamekalia viti vya kuzunguka, wanatuandikia uongo. Soma. Vijiko vitano vya dawa kwa bomba moja. Nimeweka vitano."

Devota alisoma. Kwa Kiingereza vilikuwa viwili. Ukurasa huo ndio uliomuudhi siku ile.

"Baba, kosa hili nililiona. Sikuwaambia liko wapi."

Baba aliitia simu mfukoni. Kisha akasema, "Ambrosi naye anapiga dawa jioni hii, kwa kipimo hicho hicho. Kimbia."

Alikimbia hadi kwa jirani huyo, akamwahi. Jumatatu, yeye na Mwalimu Faustina, mlezi wa klabu, walichora jedwali ubaoni: ukurasa, kilichoandikwa, kinachotakiwa, aliyeona. Kila mwanaklabu akapewa kurasa zake. Makosa ya dawa yalitangulia kutumwa.

Jumatano jioni Devota alimwonyesha baba simu. Vijiko viwili.

"Siku mbili tu?" baba aliuliza. Akapiga teke bonge la udongo. "Mama yako alifia njiani, tukisubiri gari livuke. Miaka minne kila mkutano wa kijiji nasimama, nawatukana viongozi kwa ajili ya barabara. Sijawahi kuwatajia hata daraja moja lililovunjika."

Akaketi kwenye tuta, kati ya viazi vilivyokufa.

"Kulaumu tu hakusaidii, mwanangu. Ukitaka kitu kitengenezwe, sema kiko wapi na kimeharibika nini. Wakikataa baada ya hapo, nitawalaumu kwa haki. Haya, lete daftari. Tuanze na lile daraja la pale mtoni."